Jumamosi ya Shule

Mlinzi wa getini aliniuliza kama nimekuja kwa upande wa bwana harusi au wa bibi harusi. Nikamjibu kwamba nimekuja kwa upande wa shule. Alinitazama kuanzia kwenye viatu hadi kwenye kipara, akashuka tena hadi kwenye viatu, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kushughulika na waliochanganyikiwa, "Mzee, hapa hakuna shule. Hapa ni ukumbi." Alikuwa sahihi. Juu ya geti, ambapo zamani palining'inia kibao cha bati chenye jina refu la Kiingereza na picha ya mwenge uliofanana zaidi na hindi la kuchoma, sasa kulikuwa na herufi za taa zinazokaribisha harusi, kipaimara na mikutano. Harusi yenyewe ilikuwa ya jioni. Sisi tuliosoma na kufundisha pale tulikuwa tumekodi sehemu moja hadi saa kumi tu, baada ya miezi mitatu ya kubishana kwenye kundi la WhatsApp kuhusu rangi ya fulana. Kwa hiyo, karibu miaka ishirini baada ya shule kufungwa na kuuzwa, niliingia ndani yake kwa hisani ya mwenye ukumbi, nikaonyeshwa kiti, nikakaa, na ndipo nikatambua kwamba nimeketi ndani ya Kidato cha Pili B. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umevunjwa ili wageni waone bustani. Mbuzi alikuwa anachomwa pale walipokaa wale wa dawati la nyuma, ambao hawakuwahi kunisikiliza.

Nilifundisha pale mwaka mmoja, na mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho wa shule. Wapo waliosoma pale wanaodai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano, na Jumamosi ile ya ukumbini walilirudia dai lao huku wakinipakulia nyama. Ya ukoo wangu nayaruka. Inatosha kujua kwamba nilikuwa Mchagga wa mjini, wa Sokon One pale Arusha, mwenye digrii ya Historia kutoka Chuo Kikuu, na kwamba sikuwahi kushika jembe isipokuwa kama adhabu. Nilifika kule mlimani mwezi Januari na sanduku la vitabu, nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo. Kilinuka ngozi ya mipira na chokaa ya kuchorea uwanja, na mpaka leo nikipita karibu na duka la vifaa vya michezo moyo wangu unafanya kitu ambacho mke wangu anaona hakistahili mtu wa umri wangu. Asubuhi nilifungua dirisha nikauona Meru wote, kama mawingu yalikuwa na adabu siku hiyo. Jioni wasichana wa bweni walifua kwenye karo huku wakiimba nyimbo za kwaya kwa sauti nne, wakigombana katikati ya ubeti na kurudi kwenye ubeti bila kupoteza sauti. Sikujua kwamba nina furaha. Nilidhani nimetupwa porini, na niliwaandikia marafiki zangu wa Dar barua za kuwaeleza hivyo, ndefu, zenye nukuu.

Wenyeji hawakulitumia lile jina la Kiingereza. Waliiita shule "Juu", kwa kuwa ilikuwa juu ya mashamba yao kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Kikwe. "Nampelekea maziwa Juu." "Mume wangu ni mlinzi Juu." Ilichukua muda nielewe ni watu wangapi waliishi kwa kupanda na kushuka ule mteremko. Palikuwa na fundi cherehani aliyeshona sare zetu na kuuza sweta za rangi ya damu ya mzee. Palikuwa na wanawake wa maziwa waliofika alfajiri, kila mmoja na ndoo yake na kikombe chake cha kupimia, na kila mmoja na maoni yake kuhusu kikombe cha mwenzake. Palikuwa na nyumba zilizoongezwa vyumba vya uani kwa ajili ya walimu wapangaji. Mchungaji wa usharika alifundisha dini kwetu siku ya Ijumaa na padri alikuja Alhamisi, na wote wawili walikunywa chai ofisini kwetu kwa sababu, walisema, ya kwetu ilikuwa na tangawizi zaidi. Chumba changu kilitenganishwa na ofisi ya Mkuu wa Shule kwa ukuta wa silingibodi tu. Mkuu alikuwa mama mrefu wa makamo aliyeongea na simu kana kwamba ni lazima sauti ifike yenyewe bila msaada wa mtambo. Ndivyo nilivyojua, mwezi wa tano, nikiwa nimelala na malaria, kwamba mwenye shule aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia aliacha warithi wasiotaka shule. "Hapana, baba, wazazi hawajaambiwa," Mkuu alikuwa akisema. "Sasa niwaambieje, na mnunuzi mwenyewe hajasema anataka kuweka nini?" Kisha, kwa sauti niliyolazimika kuinua kichwa kuisikia, "Na walimu je?" Sikumwambia mtu. Nilijiambia naficha siri ya kazi. Ukweli ni kwamba niliona haya kukiri kwamba nasikiliza ukutani.

Lakini mwaka ule haukai kichwani mwangu kama mwaka wa kufungwa kwa shule. Unakaa kama mfululizo wa Jumamosi. Nyuma ya madarasa ulipita mfereji uliotoka kwenye kijito cha msituni, ukateremka kati ya migomba, ukakatiza eneo letu na kuendelea kushuka. Babu zao wenyeji waliuchimba kabla ya mtu yeyote kuwaza shule. Kila nyumba yenye haki kwenye mfereji ilikuwa na siku yake ya maji, na ilikuwa na kipande chake cha kuzibua. Shule, kwa kuwa mfereji ulipita kwake, ilihesabiwa kama nyumba moja: siku yake ilikuwa Jumamosi, na kipande chake hatua sitini. Kuanzia alfajiri hadi adhuhuri maji yaliingia kwenye bustani na matangi yetu. Kuanzia adhuhuri hadi jua kuzama yalikuwa ya Mama Anaeli, kwa makubaliano ambayo hakuna aliyekumbuka yalifanywa na nani. Mama Anaeli alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi aliyelima robo eka chini kidogo ya uzio wetu, karoti, vitunguu, spinachi na mnafu, na kutuuzia sisi jikoni. Shamba lile mumewe alilinunua wakati siku zote za wiki zilikuwa zimeshagawanywa, kwa hiyo hakuwa na siku yake. Alikuwa na nusu ya Jumamosi yetu. Hayo ndiyo maji yaliyomlisha na kumsomeshea Anaeli. Mkuu alinikabidhi kazi ya kuiwakilisha shule kwenye mfereji katika wiki yangu ya kwanza. "Wewe ni kijana," alisema, "na Jumamosi huna familia."

Kazi ilikuwa moja. Adhuhuri niende mwenyewe nikafungue kizuizi cha vigogo vya migomba na matope, ili maji yatoke kwetu yaende kwake. Nilipouliza kwa nini Mama Anaeli asifungue mwenyewe, wakati anaishi pale pale na anajua na mimi sijui, watu walinitazama kama nimeuliza kwa nini bibi harusi asijipeleke mwenyewe kanisani. Maji hayachukuliwi, waliniambia. Yanakabidhiwa. Mwenye siku ndiye anayefungua, na anayepewa anasimama upande wa chini na jembe lake. Basi Jumamosi ya kwanza nilifika na suruali ya kitambaa.

"Mwalimu, umesoma miaka mingapi?" Mama Anaeli aliniuliza kutoka upande wake, baada ya kunitazama nikihangaika kwa muda.

"Kumi na sita, mama."

"Na miaka yote hiyo hawakukufundisha kufungua maji?"

"Nilisoma Historia."

"Ni sawa. Sasa vuta hicho kigogo cha juu. Siyo hicho. Hicho unachokanyaga."

Nilikivuta, na maji yakaja na matope yote yaliyokuwa nyuma yake, na suruali ile haikurudi tena kuwa suruali ya kitambaa. Aliniita jikoni kwake nikauke. Lilikuwa banda la mbao peke yake uani, jeusi ndani kwa moshi wa miaka, na benchi refu ukutani lililosuguliwa na wakaaji mpaka likang'aa kama meza ya benki. Alinipa ndizi zilizopikwa na maharage hadi zikasahau mwanzo wa hiki na mwisho wa kile, na maziwa ya mgando kwenye kikombe cha bati. Jumamosi iliyofuata nilienda na kaptura, nikala tena. Baada ya hapo haikuwezekana kusema kama nilikuwa nakwenda kwa sababu ya maji au ya ndizi. Nilikaa kwenye lile benchi hadi saa tisa, saa kumi, nikiwa na kitabu ambacho sikukisoma, na yeye alipika, akachambua mboga, akapokea majirani waliokuja kumsimulia habari za Juu mbele yangu mimi niliyetoka Juu. Alikuwa na namna ya kunyamaza ghafla katikati ya sentensi na kuinamisha kichwa. "Yamefika kwenye vitunguu," alikuwa akisema, kisha anaendelea na sentensi yake. Mimi sikusikia kitu. Kufikia mwezi wa nne nilianza kusikia: mchakacho mdogo kama wa mtu anayekunja karatasi mbali sana, udongo mkavu ukipokea. Nimeishi tangu hapo katika nyumba zenye mabomba matatu au manne. Sijawahi kuinamisha kichwa kwa ajili ya bomba.

Mfereji ulizibuliwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita masika yakiisha na Desemba kabla ya jua la Januari. Juni ile nilipeleka wanafunzi thelathini wa Kidato cha Tatu wenye majembe na fujo, na huko ndiko nilikomfahamu vizuri Mzee Aminieli, mwenyekiti wa mfereji. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la suti na buti za mpira, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kutembea. Alianza juu kabisa asubuhi mapema, akateremka ukingoni taratibu, akitazama. Kila nyumba ilitakiwa iwe imesimamisha jembe kwenye kipande chake. Nyumba ambayo jembe lake halikuonekana, ilikuwa imeacha maji yake, na siku yake waligawana waliokuja. Hakuwa na daftari wala kalamu. Jambo hilo lilinitesa.

"Mzee, unakumbukaje nani hakuja?"

"Nikipita nisione jembe."

"Na kama mtu ana udhuru? Anaumwa?"

"Anatuma mwingine wa nyumba yake."

"Na kama nyumba nzima inaumwa?"

Alisimama akalifikiria hilo kwa haki. "Hapo kutakuwa na msiba, Mwalimu, na siku ya msiba hatuchimbi."

Wiki mbili zilizofuata niliwaandikia katiba. Ilikuwa na kurasa sita, sura na ibara, na ibara ya nne, ambayo niliipenda kuliko zote, iliruhusu mjumbe kutoa taarifa ya kutohudhuria, au kuhamisha zamu yake kwa mtu mwingine, kwa maandishi. Niliwasomea wazee barazani kanisani baada ya ibada. Walisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Kidato cha Pili B hakikuwahi kunifanyia. Wakapiga makofi. Mzee Aminieli aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nilirudi chumbani nikiwa mtunga sheria. Mwalimu Laizer, rafiki yangu wa Hesabu, Mwarusha wa upande wa Ngaramtoni aliyekuwa na ng'ombe zaidi ya vitabu, aliniuliza kama wameipitisha. Nikamwambia wamepiga makofi. "Ah," alisema Laizer. "Hata mimi ukinisomea kurasa sita nikiwa na njaa, ukimaliza nitapiga makofi."

Tangazo lilitolewa Oktoba, na likapokelewa kwa utulivu ambao ulinitia hofu kuliko kelele. Kidato cha Nne wangefanya mtihani wao, kisha shule ingefungwa. Wa madarasa ya chini watafutiwe nafasi kwingine. Shule za kata zilikuwa zimeanza kuota kila upande na wazazi wengi walishaanza kuondoa watoto, kwa hiyo hata hasira haikujua imwelekee nani. Ofisini kwetu watu waliongea kwa vipande. Wanawake wa maziwa waliuliza kama mnunuzi ana wafanyakazi wengi, na kama hao wafanyakazi wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Fundi cherehani alipandisha sweta zake zote hadi kwa Mkuu na kumuuliza, kwa heshima, kama anajua shule nyingine yenye rangi hiyo. Laizer alisema wanadamu ni watu wa ajabu, hata ng'ombe hauzwi bila wa nyumbani kuambiwa. Mimi niliyejua tangu mwezi wa tano nilitazama kikombe changu.

Mama Anaeli aliniuliza Jumamosi hiyo hiyo, akiwa amenipa mgongo, anakoroga.

"Na Jumamosi?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimeshalifikiria, nilikuwa kijana wa kufikiria mambo. Nitaandika barua rasmi kwa kamati, nilimwambia, kwamba shule inamwachia yeye siku yake, yote, asubuhi na mchana, chini ya ibara ya nne. Hatakuwa tena na nusu ya siku ya mtu mwingine. Atakuwa nyumba yenye siku yake.

"Barua," alisema.

"Yenye mhuri, mama."

Aligeuka akanitazama, na nilidhani ni shukrani. "Mzee Aminieli anajua kusoma," alisema. "Lakini maji hayajui. Siku ya kuchimba uje, Mwalimu. Uje na jembe, hata kama hutachimba."

"Nitakuja."

Niliandika barua ile Desemba, kwenye karatasi ya mwisho yenye nembo ya shule. Mkuu aliisaini bila kuisoma. Wiki ile alikuwa anasaini chochote, pamoja na vyeti vya tabia njema vya watoto ambao hawakustahili. Niliipeleka mwenyewe nyumbani kwa Mzee Aminieli. Aliisoma yote, midomo ikitembea, akaikunja, akaiweka kwenye koti pamoja na katiba. "Asante sana, Mwalimu," alisema. "Basi tutaonana Jumamosi." Nilimshika mkono, nikashuka kurudi shuleni nikiwa mwepesi. Nilidhani ananiaga. Mabweni yalikuwa yameshafungwa, vitanda vimetolewa nje vikiwa vimesimama kwenye majani kama mifugo isiyojua inapelekwa wapi, na jioni ile karoni hakukuwa na mtu wa kuimba. Nilifungasha vitabu vyangu. Kesho yake niliondoka.

Jumamosi ya kuchimba nilikuwa mjini, kwetu Sokon One. Jumatatu yake nilikuwa na usaili wa kazi Dar es Salaam na basi langu lilikuwa la Jumapili alfajiri. Ningeweza kupanda mlimani na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilijua hivyo siku ile, na sijawahi kupata namna ya kutojua. Nilijiambia barua imefika. Kazi nikaipata. Januari Laizer alinipigia simu: siku ya shule imefutwa, imegawanywa kati ya nyumba ya Ijumaa na nyumba ya Jumapili, na spinachi za Mama Anaeli zimekuwa majani ya chai. Mnunuzi, aliongeza, amechimba kisima chake mwenyewe na hana habari na mfereji. Nilikasirika sana. Nikaandika barua nyingine, kali zaidi, inayotaja ibara. Haikujibiwa, na kutokujibiwa kulinipa sababu ya kutorudi. Nilirudi Arusha kila Krismasi, nikautazama Meru kutoka mjini, nikasema mawingu ni mengi mwaka huu. Tangu hapo nimeandika makala mbili kuhusu haki za jamii juu ya maji, ambazo watu wema huzinukuu. Hakuna hata moja inayomtaja Mama Anaeli. Nimekuwa nikilikumbuka lile benchi na zile ndizi na ule mchakacho wa maji kwenye vitunguu kwa hamu ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mji wowote wala kwa mtu yeyote niliyempenda ujanani, na hamu hiyo, kwa miaka karibu ishirini, haikuninyanyua hata mara moja kitini.

Laizer ndiye aliyeninyanyua. Alikuja kukaa karibu nami pale Kidato cha Pili B, mnene, mstaafu mtarajiwa, na mfupa mkononi. "Mama yako yupo," alisema, akionyesha kwa mfupa upande wa kwa Mama Anaeli. "Nilipita asubuhi kumsalimia. Nikamwambia leo Mwalimu Kimaro anakuja, akasema sawa." Nilimuuliza kama amesema jambo lingine. "Amesema sawa. Nenda, kaka, nyama nitakulindia." Nilitoka getini, nikazunguka ukuta, maana uzio sasa ni ukuta, nikateremka. Palipokuwa na matuta ya mboga sasa palikuwa na mahindi ya kungojea mvua, membamba, na migomba michache karibu na nyumba inapomwagwa maji ya vyombo. Banda la jiko lilikuwa pale pale. Alikuwa ndani, amekuwa mdogo, amekaa kwenye benchi upande niliokuwa nikikaa mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa, Mwalimu."

"Ndiyo, mama."

"Kaa basi."

Nilikuwa nimeandaa maneno, mimi huandaa. Nilianza kueleza kuhusu barua, ibara, nilivyodhani, nilivyoshindwa kuelewa kwamba Mzee yule, Mungu amlaze pema, alinipigia makofi kwa adabu tu. Aliniacha nifike katikati, kisha akaanza kuongea yeye, bila haraka, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani. Siku ile alifika mferejini kabla hakujapambazuka vizuri, na majembe mawili. Alisimama kwenye hatua sitini za shule akaanza kuzibua. Mzee Aminieli aliposhuka na kufika pale alisimama.

"Akaniambia, 'Mama Anaeli, wewe nakufahamu. Hapa nataka mtu wa shule. Mmoja tu, hata awe mpishi.' Nikamwambia Mwalimu yuko njiani. Akakaa ukingoni, na buti zake, akangoja. Watu wote wakangoja. Ile barua yako alikuwa nayo kwenye koti. Alitaka uisome wewe mwenyewe, jembe la shule likiwa limesimama, watu wakiwa wanasikia. Ukishaisoma ningelishika hilo jembe mimi, na ingekuwa imekwisha. Aliipenda ile barua. Tulingoja hadi saa nne. Watu wana kazi zao. Ndipo akainuka akasema, nyumba imehama."

Huko juu walikuwa wanajaribu spika za harusi. Mtu alihesabu moja, mbili, moja, mbili, akaacha. Mama Anaeli aliinama akapuliza moto, akaketi tena.

"Nimekuwa nikijiuliza," alisema. "Siku ile ulikuwa wapi?"

Hakukuwa na hasira ndani ya swali. Lingekuwa na hasira ningelijibu vizuri zaidi. Nilikuwa na usaili wa kumpa, na basi, na hata malaria ya mwezi wa tano ambayo ningeweza kuisogeza hadi Desemba.

"Nilikuwa nyumbani, mama. Nilikuwa napiga pasi shati."

"La nini?"

"La usaili. Dar es Salaam. Jumatatu."

Alihesabu siku kwa vidole, polepole, akarudia, kuhakikisha hanionei. Kisha akachukua sahani, akapakua ndizi, akanisogezea kwenye benchi.

"Na lilinyooka?"

Nikamwambia lilinyooka.